Changuu, Kisiwa cha Karantini Kilichopokea Watoto

Gereza la Changuu halikuwahi kulaza mfungwa hata usiku mmoja. Lloyd Mathews, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza aliyepanda hadi kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Zanzibar, alikinunua kisiwa hicho mwaka 1893 akikusudia kuwaweka humo wahalifu, mbali na mji wa Unguja. Majengo yakasimama, wafungwa wasije. Kabla hawajaletwa, serikali ilikwisha kupata kitu cha kuogopa zaidi ya wahalifu: maradhi yaliyokuwa yakisafiri ndani ya meli. Changuu kikawa karantini. Miaka kama thelathini nyuma, watumwa waliokaidi walikuwa wakifungiwa hapohapo, kwa hiyo hata kabla ya Mathews kisiwa hiki kilikuwa mahali pa kumtenga mtu.

Leo wanaoshuka Changuu kwa furaha kubwa kuliko wote ni watoto wadogo. Boti huondoka Forodhani, mjini, na pwani za karibu, hukata kilomita tano na ushei za maji, na baada ya nusu saa hivi husogea mchangani. Kisiwa hakizidi mita mia nane kwa urefu, na watu wengi hushukia majini, viatu mkononi. Baba hukunja suruali, mama hupandisha kanga, na mtoto wa miaka miwili hupokewa na baharia aliyekwisha simama ndani ya maji ya magoti: “Nipe huyo mtoto, dada, wewe shuka taratibu.” Kisha ni kwenda kuwaona kobe. Mtoto hupewa jani la mboga, hukiona kichwa kikubwa chenye ngozi ya mikunjo kikinyooka kuja kwake, hurudi nyuma, husogea tena. Jani linachukuliwa. Mkono unabaki hewani, vidole vyote vitano salama. Juu ya gamba la kobe pameandikwa kwa rangi umri wake, na wengine wamevuka miaka mia.

Kwamba familia inaweza kumpandisha boti mtoto anayejifunza kutembea, ikampeleka kisiwani katika nchi ya joto kwa ajili ya kufurahi tu, ni jambo jipya katika historia ya Unguja. Jua, mchanga na maji ya buluu vilikuwepo siku zote, na peke yake havikutosha. Kilichobadilika ni hesabu ya hatari, na waliobadilisha hesabu hiyo ni wachimba mifereji ya maji, wachanjaji, na watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakipulizia dawa ukutani. Historia ya mapumziko ya pwani huandikwa mara nyingi kama historia ya hoteli. Kwa mtoto wa miaka miwili, historia ya kweli ni ya afya.

Mwaka 1866 mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa Unguja akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara. Alichokilalamikia zaidi mjini ni uvundo, na uvundo huo ulitoka ufukweni. Pwani ya mji ilikuwa jaa. Maji yalipokupwa, taka za mji mzima zilibaki juani. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kikaingia, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati huo, alikifuatilia kwa makini hata akaandika kitabu kizima juu ya milipuko ya ugonjwa huo Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1876. Katika mji wa namna ile, mzazi aliyempenda mwanawe alimweka mbali na ufukwe.

Wenye uwezo walihama. Mtawala wa Unguja, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa na jumba lake la Mtoni, kaskazini ya mji, kando ya bahari, na hapo ndipo alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Salme, aliyekuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na kurasa zake kuhusu Mtoni ni miongoni mwa maelezo machache tuliyonayo ya utoto wa pwani ya Unguja katika karne ile. Anaukumbuka ua mpana uliojaa wanyama, tausi na paa na mbuni na bata wakizurura huru. Anaikumbuka nyumba ya kuogea yenye mabirika mengi, na baraza ya duara iliyoitazama bahari, ambako baba yake alipenda kutembea peke yake akiwaza. Watoto walijaa kila pembe. Magofu ya Mtoni yapo hadi leo, na mtu akisimama pale upepo wa bahari ukimpiga usoni, haoni ajabu kwamba Seyyid alipachagua.

Lakini maisha ya Salme yanaonyesha pia upande mwingine wa kusafiri na mtoto mchanga zama hizo. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akiwa mjamzito, ndani ya meli ya kivita ya Kiingereza. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Aden, na mwaka uliofuata alifariki wakiwa njiani kuelekea Ujerumani. Ni kisa cha mama mmoja, ila wasafiri wa wakati ule wasingekiona kigeni.

Kaka yake Salme, Seyyid Barghash, alitawala tangu mwaka 1870 hadi 1888. Alijenga jumba la Chukwani, kusini ya mji, mahali palipoaminiwa kuwa na hewa ya kumrudishia mgonjwa nguvu. Jambo lake kubwa zaidi kwa watoto, hata hivyo, halikuwa jumba. Aliyavuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, watu wakateka bila malipo. Hammam zake za Hamamni bado zinatembelewa na wageni. Mabomba yaliyoleta maji hayatembelewi na mtu, ingawa ndiyo yaliyookoa roho nyingi zaidi.

Isidhaniwe kwamba pwani ilikuwa ngeni kwa wenyeji wa vijijini. Kwa watu wa Makunduchi, Jambiani au Nungwi bahari ilikuwa shamba, njia na uwanja. Bamvua, maji yanapokupwa mbali kuliko kawaida, wanawake hutoka kwenda mwambani kuokota chaza na kutafuta pweza, na watoto hutoka nao: wakubwa wakibeba vikapu, wadogo wakibebwa mgongoni kwa kanga au kuachwa na bibi kivulini. Katika miji mingi ya Waswahili ilikuwa desturi kuoga baharini siku ya mwaka, mzee kwa mtoto, ili mwaka mkongwe uoshwe. Makunduchi bado wanauadhimisha mwaka wao kila Julai, kwa ngoma, kwa wanaume kuchapana kwa mashina ya migomba, kwa kibanda kuchomwa moto, na kwa watu kumiminika ufukweni na chakula na watoto. Huo ni mkusanyiko mkongwe wa familia pwani, na haukuhitaji hoteli.

Turudi Changuu. Tauni ilizuka Bombay mwaka 1896, na Bombay ilikuwa jirani ya Unguja kwa biashara kama vile Bagamoyo. Meli zilileta nguo, mchele na watu, na miongoni mwa watu hao walikuwemo wake na watoto wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wamekwisha jenga maisha Unguja. Abiria waliotiliwa shaka walishushwa Changuu wakae, wachunguzwe, siku zihesabiwe. Baadaye homa ya manjano ndiyo iliyoogopwa zaidi, na karantini ya Changuu ikawa ya kutegemewa na makoloni ya Waingereza ya ukanda huu. Kwa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja, kuuona mji kwa macho ng’ambo ya maji, minara na mapaa yake, na kuambiwa usivuke mpaka siku zitimie, bila shaka ulikuwa mtihani. Mtoto akipata joto la mwili usiku, hiyo haikuwa habari ya familia tena. Ilikuwa habari ya kisiwa kizima.

Sasa ndipo inapoingia sehemu ya ajabu. Karantini ilitumika takriban nusu ya mwaka. Nusu iliyobaki, Wazungu wa mjini walivuka kwenda kupumzika kisiwa hichohicho. Nyumba ya Mathews ilikuwepo, mchanga ulikuwa mweupe, maji safi kuliko ya bandarini. Msimu mmoja kisiwa kilipokea watu waliozuiwa, msimu mwingine watu waliojichagulia, na vitanda vya wote vikitazama maji yaleyale.

Kisiwa cha jirani, Chapwani, kilikuwa na makaburi. Mabaharia wa Kiingereza walianza kuzikwa huko katika karne ya 19, wengi wao wakiwa wa meli zilizofanya doria dhidi ya biashara ya watumwa, na wakaongezeka wale wa meli ya Pegasus, iliyozamishwa na meli ya Kijerumani Königsberg mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Ofisa aliyekwenda kupumzika Changuu na familia yake aliweza kuyakumbuka makaburi hayo bila kutazama mbali. Waingereza wa makoloni waliamini kwa dhati kwamba nchi za joto humdhoofisha mtoto wa Kizungu, na kwa kawaida walimrudisha kwao akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa au shule ya bweni, wazazi wakabaki na barua. Waliokaa na watoto wao walitafuta upepo. Chwaka, upande wa mashariki, ikawa na nyumba ya mapumziko ya serikali, na matajiri wa mjini nao wakajenga huko nyumba za kwenda wakati wa joto.

Wageni wa meli walikuwa na matembezi yao. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya kutoka mjini hadi Bububu, kama kilomita 11, ikafunguliwa mwaka 1905, na abiria wa meli zilizotia nanga kwa siku moja walipandishwa kwenda kuona minazi na mikarafuu, kisha wakarudi melini kabla ya jua kuchwa. Reli ilikufa katika miaka ya 1920, barabara ilipoichukulia abiria.

Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alituma zawadi: kobe wanne wakubwa wa aina ya Aldabra. Waliwekwa Changuu. Kisiwa kilikuwa na majani, hakikuwa na mnyama wa kuwatisha, na karantini ilihakikisha watu hawaingii ovyo. Wakazaana vizuri, hata kufikia mwaka 1955 walikuwa karibu 200.

Kisha wakaanza kuibwa. Kobe wa aina ile ana bei kubwa kwa wanaofuga wanyama adimu, na wengine waliliwa. Mwaka 1988 walihesabiwa 100, mwaka 1990 wamebaki 50, na mwaka 1996 walikuwa saba tu. Wakaletwa vifaranga 80 kukiokoa kizazi, na nusu yao wakatoweka nao. Hapo ndipo lilipojengwa boma madhubuti, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, na kobe wakawekewa alama na ulinzi. Boma linalomfurahisha mtoto wa leo lilijengwa kwa sababu ya wizi, na wahifadhi waliopigania kobe saba wanastahili shukrani ya kila mzazi anayefika pale.

Karantini yenyewe iliondolewa kazi na sindano. Mwaka 1937 Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya utafiti New York, alitangaza chanjo ya homa ya manjano iliyokuwa salama na ya kudumu, na mwaka 1951 akapewa Tuzo ya Nobel. Msafiri aliyechanjwa hakuhitaji tena kufungiwa kisiwani. Alihitaji karatasi. Karatasi hiyo ndiyo kadi ya njano, na bado inafanya kazi: familia inayotoka Nairobi au Kampala kuja Unguja inatakiwa kuwa nayo kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Mtoto ambaye hajui kusema jina lake kamili ana kadi yenye jina hilo, tarehe na muhuri. Mzazi huiona kama usumbufu wa kupanga foleni kliniki. Zamani usumbufu huo ulikuwa ni siku kadhaa Changuu.

Malaria haikuwa na chanjo ya kuizuia. Mwaka 1957 ulianza mpango mkubwa wa kuitokomeza Unguja na Pemba kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, wapuliziaji wakipita vijijini na dawa ya kuua mbu. Ugonjwa ulishuka sana. Mpango uliendelea hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ukasimamishwa mwaka 1968, na katika miaka michache malaria ikarudi kwa nguvu. Waliolipia ni watoto wa visiwani, walio chini ya miaka mitano, ambao mwili wao haujajifunza kupambana nayo.

Wageni wa starehe nao walipungua baada ya Mapinduzi. Nchi ilikuwa na mambo yake ya kujenga, na milango haikuwa wazi. Nyumba za mapumziko za serikali katika pwani ya mashariki zilibaki, na wasafiri wachache waliofika walipangishwa humo, taa ya chemli na maji ya ndoo. Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa wakati wa urais wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, na ufukwe uliokuwa wa pweza na chaza ukawa pia wa mistari ya vijiti na kamba. Karibu wakati uleule zikaanza kuchipuka nyumba za wageni, kisha hoteli.

Kwa hiyo wageni waliokuja na watoto wao waliwakuta wanawake ambao tayari walikuwa pwani na watoto wao. Mama wa mwani hufuata maji: yakikupwa alfajiri, hutoka alfajiri, yakikupwa saa nane, hutoka saa nane juani. Mtoto wake wa miaka miwili hucheza kwenye dimbwi la maji ya vidole viwili kina chake huku mama ameinama hatua tatu kutoka kwake akifunga mbegu kwenye kamba. Mama mgeni kutoka Ulaya aliyempaka mwanawe mafuta ya kukinga jua na kumvisha kofia huwa upande wa pili wa dimbwi. Wanawake hawa wawili huelewana kwa tabasamu tu, kwa sababu wote wanalinda kitu kilekile. Wanachotofautiana ni kazi: mmoja yupo mapumzikoni, mwingine anahesabu kilo. Si haki kuelezea ufukwe wa Paje kama paradiso bila kumtaja huyu wa pili.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2003. Zanzibar iliacha dawa za malaria zilizokwisha shindwa na kuanza kutoa dawa mseto bure katika vituo vya serikali. Vikafuata vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito na watoto wadogo, na mwaka 2006 upuliziaji wa majumbani. Watafiti walichagua wilaya moja, Kaskazini A, wakafuatilia watoto walio chini ya miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: kati ya 2002 na 2005 vifo vya watoto hao, kwa sababu zote, vilipungua kwa asilimia 52, na waliolazwa kwa malaria walipungua kwa asilimia 77.

Kaskazini A ndiyo wilaya ya Nungwi, Kendwa na Matemwe. Fukwe zinazochapishwa kwenye picha za matangazo duniani kote ziko ndani ya wilaya ileile ambako nusu ya vifo vya watoto viliondolewa katika miaka mitatu. Mgeni anayemlaza mwanawe Kendwa bila hofu kubwa amerithi kazi iliyofanywa kwanza kwa ajili ya watoto wa Mkokotoni na Matemwe.

Bahari haikubadilika, na wazazi wa pwani bado ndio walimu wazuri wa namna ya kuishi nayo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja wakati wa bamvua hufikia mita nne hivi. Upande wa mashariki, Paje hadi Jambiani, maji hukimbia mpaka karibu na mwamba, yakiacha uwanja mpana wa vidimbwi ambako mtoto anaweza kuchunguza kaa na konokono asubuhi nzima. Ila mawe yana viumbe vya miiba mirefu, na mtoto huvalishwa viatu. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali, mtu huogelea wakati wowote, na hapo jicho halimwachi mtoto hata dakika. Desemba hadi Februari kaskazi huvuma na joto huwa kali. Juni hadi Septemba kusi huleta ubaridi, na pwani ya mashariki upepo huwa mkali. Masika, Machi hadi Mei, ni mvua, na hoteli nyingine hufunga. Saa sita hadi saa tisa wenyeji huwaingiza watoto ndani walale. Wageni wengi huiga baada ya siku ya kwanza.

Malaria yenyewe haijaondoka. Hupungua, huinuka, husafiri na watu wanaovuka kutoka bara, na mbu hawana msimu wa utalii. Mgonjwa anapothibitishwa katika kituo chochote cha Zanzibar, taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa wa malaria wa wilaya hupanda pikipiki kuifuata nyumba anayoishi. Huwapima wote waliolala humo, huuliza nani alisafiri na wapi, hukagua vyandarua. Akikuta mtoto ana vimelea bila hata homa, humpa dawa palepale, huandika, kisha hubisha hodi nyumba ya pili.